Diski Kumi na Mbili kwenye Mkeka

Sogea nikueleze, wewe ambaye hujawahi kufungua bwate ya otomatiki. Nitaanza na vyuma na nitaishia kwa mke wangu, na ukinisikiliza nusu utadhani ni habari mbili.

Bwate ndiyo sanduku la gia; hapa Bujumbura tunaiita hivyo. Ile ya kawaida inataka mguu wako kwenye klachi. Ile ya otomatiki inatumia mafuta. Pampu inasukuma mafuta kwenye vijia vyembamba, mafuta yanasukuma pistoni, pistoni inabana diski, na diski zikibanwa gari linaondoka. Diski zenyewe ni za aina mbili, zimepangwa kwa kupokezana: moja ya chuma kitupu, inayofuata ya chuma kilichogandishwa utando wa kahawia, mfano wa karatasi ngumu. Utando huo ndio unaoshika. Chukua madaftari mawili, pishanisha kurasa zake moja moja, kisha uyabane kwa viganja. Hayaachani, hata uvute vipi. Legeza viganja, yanaachana. Umeshaelewa bwate. Nimewafundisha vijana jambo hili miaka mingi katika shule ya ufundi, na sijaona aliyeshindwa baada ya kupewa madaftari mawili.

Kamio, yaani lori, ninayoizungumzia ilikuwa ya kaka yangu. Ilikuja imetumika tayari, kupitia Dar, usukani upande wa kulia, ndogo lakini yenye nguvu. Kaka alipofariki tulimpandisha nayo hadi kwetu, kilimani, tukamzika huko. Mjane wake anakaa Kinama, na aliendelea kuitumia kwa kazi ya matofali na mchanga akiwa na dereva. Ulipokaribia mwaka, siku ya kuondoa kilio ikapangwa, Jumapili baada ya misa. Siku hiyo mjane huvua nguo za kilio mbele ya ndugu na marafiki, wazee wa familia husema maneno ya mwisho juu ya marehemu, na watu hunywa pamoja. Bila siku hiyo msiba haujaisha.

Mjane wa kaka alinijia nyumbani, Ngagara, wiki tano kabla. Nilikuwa nimeshastaafu, nafanya kazi uani kwangu.

"Shemeji," akasema, "ile kamio imekuwa kama mutu ya asma. Unakanyaga, inapiga kelele, haiendi. Kisha inaruka."

"Ina uvujaji?"

"Inaacha mafuta kila mahali inalala."

Nikamwambia ni mipira ya ndani imekauka, jambo la kawaida, linatengenezeka. Nikamwambia pia kwamba kama muda ni mfupi, tunaweza kutafuta kamio nyingine ya kutupandisha siku ile.

"Apana. Hii ndiyo ilimupeleka. Hii ndiyo itanipeleka mi kumaliza."

"Itapanda," nikasema.

Neno hilo moja nililitamka kirahisi, kama ninavyokuambia sasa.

Tuliishusha bwate mimi na majirani wawili, kwa kamba na matairi ya zamani. Nikailaza kwenye meza ambayo mke wangu huikatia mboga. Nina njia yangu ya kufungua, nayo ndiyo niliyoifundisha darasani: kila kinachotoka kinawekwa kwenye mkeka kwa mpangilio wa kutoka, kushoto kwenda kulia, na kila kimoja unakichorea mstari wa chaki kukizunguka. Ukirudi baada ya siku tatu, mkeka unakukumbusha. Jirani mmoja alikuwa akichungulia juu ya ukuta kila asubuhi.

"Mwalimu! Ukifunga hiyo, zitabaki nati ngapi?"

"Zikibaki nitakuletea utie kwenye maharage."

"Leta, zangu zimekosa chumvi!"

Mipira ilikuwa imekauka kweli. Ukiikunja inakatika kama biskuti. Niliagiza mipya, ikaja kwa basi. Diski nilizikagua moja moja. Zile sita zenye utando zilikuwa bado nene, mifereji yake inaonekana vizuri, hazijaungua. Nikaamua kuzirudisha. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na ningeutoa tena leo.

Sasa suala la kuosha. Vyuma vya bwate huoshwa kwa mazutu, ndiyo dizeli, au esansi, ndiyo petroli. Lakini mwaka ule mafuta yalikuwa hayapatikani mjini. Magari yalilala kwenye mistari mbele ya vituo, na aliyepata lita moja alitembea nayo kama amebeba mtoto. Mafundi wote tukajifunza kuosha vyuma kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kuanika juani, kisha kupaka mafuta kabla kutu haijaanza. Kwa gia na maganda ya nje njia hiyo haina ubaya. Chini ya kitanda changu kulikuwa na bidoni mbili za plastiki zenye mazutu ambayo familia ilikusanya kidogo kidogo kwa ajili ya safari ya kuondoa kilio. Nilikataa kutoa hata kikombe. Nilijiona mwaminifu sana.

Jumamosi asubuhi, wiki moja kabla ya safari, nilibeba jembe kwenda kwenye kazi za jumuiya. Siku hizo mtaa mzima hutoka kusafisha mifereji. Mke wangu alibaki na nguo za kufua, maji yakiwa tayari motoni.

"Ukipata nafasi nioshee na vyuma vyangu," nikamwambia mlangoni.

"Vyuma vipi?"

"Vyote. Vya kwenye mkeka."

Nikaenda.

Niliporudi, jua lilikuwa limepanda. Mkeka ulikuwa unang'aa. Kila kitu kilikuwa ndani ya mstari wake wa chaki, na mahali chaki ilipofutika kwa maji aliichora upya. Upande wa kulia zilikuwapo diski kumi na mbili, sita za chuma na sita za utando, zimeanikwa, zimekauka, na ule utando wa kahawia umekuwa wa kijivu kama kadibodi iliyonyeshewa.

"Umeona?" akasema, akijipangusa mikono kwenye kitenge. "Hizi za kahawia zilikuwa na roho ngumu. Nimezilaza kwenye sabuni, nimesugua, zikakubali."

Nikueleze alichokifanya, maana yeye hakuwa na namna ya kujua. Utando ule umezoea mafuta. Maji yakiuingia unavimba, na gundi inayoushikilia kwenye chuma inalegea. Kwa macho utaona diski iko sawa. Ukigusa ni kavu. Lakini imeshakufa. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi hivyo, tena kwa kupiga meza: maji na diski havikutani. Asubuhi ile mlangoni sikupiga meza.

Ningeweza kusema hapo hapo. Ningesema: kosa langu, sikukuonya, hizi zimekwisha. Kisha ningepanda basi hadi Kinama kumwambia shemeji kwamba diski mpya hazitafika kabla ya Jumapili, atafute kamio nyingine. Angelia kidogo. Angepata.

"Zimetakata," nikasema. "Ahsante, mama."

Nilizitumbukiza kwenye mafuta mekundu ya bwate, nikazitazama zikinywa, nikajiambia labda. Neno hili labda sikuwahi kumruhusu mwanafunzi alitumie karibu na gari. Jumatano bwate ilikuwa imerudi mahali pake. Nikaiendesha kuzunguka Ngagara, hadi Mutanga Nord na kurudi, na gia zilipanda laini kama hazipo. Bila shaka zilipanda. Kamio ilikuwa tupu, na mitaa ile haina mlima.

Jumapili tulipakia viti vya plastiki, masufuria, kreti za vinywaji, na watu wasiopungua ishirini. Shemeji alikaa mbele katika nguo zake za kilio, mimi kwenye usukani, mke wangu nyuma juu ya kreti na sufuria mapajani. Barabara ya kwenda juu, unaijua, inaanza kupanda kabla hujamaliza kuuaga mji, na haiachi. Kona ya kwanza salama. Ya nne nikasikia injini inapanda sauti huku kamio haiongezi mwendo. Kona iliyofuata injini ililia kabisa na sisi tukasimama. Tukaanza kurudi nyuma polepole. Nikavuta breki ya mkono, watu wakaruka kuweka mawe nyuma ya magurudumu.

Nilichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya bwate. Mafuta yalikuwa meusi, yananuka kuungua, na ndani yake vipande vidogo vya kahawia kama machicha ya kahawa. Ule ndio utando.

"Ni nini, shemeji?" Alikuwa ameshuka, amesimama karibu yangu. Watu wote walikuwa wamenizunguka.

Nikasema, "Diski ziliingia maji. Zilioshwa kwa sabuni. Mimi nilikuwa kwenye kazi za jumuiya."

Hakuna uongo katika maneno hayo, na ndiyo sababu yananichoma kuliko uongo. Kila aliyekuwepo anajua nani huosha vitu nyumbani kwangu. Vichwa viligeuka kuelekea nyuma ya kamio. Shangazi yangu, ambaye ulimi wake haupumziki hata msibani, akapiga makofi.

"Yoo! Bwate anaiosha kama sufuria? Na maharage alitia ndani?"

Wakacheka. Kwenye mlima, siku ya kilio, watu wakacheka, kwa sababu walikuwa na hofu na walipata mtu wa kumcheka. Mke wangu alinitazama mimi peke yangu. Nilijifanya nafuta kile kijiti.

"Munisamehe," akasema.

Tulikaa pale hadi mchana ulipopita. Kamio ya mwenye viazi ilituhurumia, ikachukua watu, kisha ikarudi kuchukua viti. Tulipofika kilimani wageni walikuwa wameketi kwenye nyasi zilizolowa manyunyu, na wengi walikuwa wameshaondoka ili wawahi gari za kushuka. Mzee wa familia alikuwa amelazimika kusema maneno ya mwisho juu ya kaka yangu bila mjane kuyasikia. Shemeji alivua nguo za kilio ndani ya nyumba, mbele ya wanawake wachache. Viti vikafika baada ya hapo, vikapangwa, vikabaki vitupu.

Miezi ikapita. Shemeji alinisalimia kama kawaida. Kwa mke wangu alinyoosha vidole tu. Kwenye harusi ya binamu, mke wangu aliposogelea beseni la vyombo, shangazi alilivuta. "Apana, we acha, utatuvunjia harusi." Kicheko tena. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka hapo na soda mkononi. Nilimeza.

Tuliporudi nyumbani alivua viatu, akakaa kwenye ngazi ya uani.

"Ile siku ulirudi na jembe," akasema, "ulinyamaza kidogo mbele ya mukeka. Mi nilifikiri umefurahi ukakosa neno."

Niliinama kufungua kamba za viatu vyangu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu pale pale?"

"Tangu nilipoona rangi."

Aliviweka viatu vyake sambamba ukutani. Nilitamani apige kelele. "Kunikosea mi, tutaongea mi na we," akasema. "Lakini shemeji yako alikosa kusikia maneno ya bwana yake. Hiyo utaenda kumwambia we. Mi nitakaa tu pembeni nikusikie."

Tulikwenda Kinama siku iliyofuata. Nilimwambia shemeji kwa mpangilio, kushoto kwenda kulia, kama mkeka: nilisema vyote, sikuonya, niliona, nilinyamaza, nilifunga, na mlimani niliacha watu wamtazame asiyestahili. Nilipomaliza, alihama kiti chake akaenda kukaa ubavuni mwa mke wangu, akamshika mkono mzima.

"Nilikasirikia mutu haina kosa," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Na we, siku ile nilikuuliza, Ni nini, shemeji? Ungenijibu tu: ni mimi. Yangeisha pale barabarani."

"Ndiyo."

"Maneno ya mzee sitayasikia tena."

"Ndiyo," nikasema.

Bwate niliifungua tena, nikaitia diski mpya. Safari hii mke wangu alikaa mezani nami, nikampa madaftari mawili ayapishanishe. Aliyabana, akavuta, akasema, "Kumbe ni hivi tu. Ungeniambia ingekuchukua dakika ngapi?" Shangazi nilimwendea pia, na kila anapoanza utani ule namkatiza mbele ya watu, ingawa kila mara uso wangu unawaka. Shemeji hupanda na kamio ile kuangalia kaburi. Mimi hanialiki kwenye usukani, na sijaomba.

Kwa hiyo ukifungua bwate nyumbani kwako, kabla hujabandika maji motoni, toa diski za utando kwa mkono wako mwenyewe, ziweke kwenye beseni la mafuta safi ya bwate, zifunike, na umwambie kila aliye nyumbani kwamba hizo hazioshwi. Zikiguswa na maji, zitupe, kisha nenda kwa mwenye gari siku hiyohiyo ukamwambie ni wewe.