Siku Treni Ilipofika Muthara

Treni imefika Muthara. Najua, na kila mtu wa huku anajua, kwamba reli iliishia Nanyuki na kwetu haikuja. Lakini mimi nimeiona ikifika, Jumapili saa tisa mchana, na shemeji yangu ambaye hakuwa upande wangu ameiona pia. Naandika sasa kabla sijaanza kujiambia kwamba nilitia chumvi.

Nianze na mume wangu. Alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu, mtu wa pointi kwenye stesheni ndogo ya njia ya Nanyuki. Pointi ni pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili. Yeye alivuta mkono wa chuma ili treni ishike njia yake. Mwaka jana, mvua ya mwezi wa kumi, kiharusi kilimwangusha akikata majani ya ng'ombe. Mkono wa kulia ukafa. Maneno nayo yakapotea, yakabaki matatu: maji, hapana, na mama. Mama ni mimi.

Tunaishi Nchiru karibu na chuo, na nina kibanda cha chai na chapati za wanafunzi. Hapo nyuma nilimpikia mwalimu mmoja wa chuo, mgeni kutoka ng'ambo, mtu mzima kabisa lakini chumba chake kilijaa treni ndogo. Si zile za plastiki za sokoni. Hizi zina kila kitu, hata ngazi ya dereva, ila zinatosha kwenye kiganja. Alipomaliza kazi yake akaniachia zote: reli, injini mbili, moja ya kijani na moja nyekundu, mabehewa, kisanduku cheusi cha umeme, na tableti yake ya zamani yenye ufa kwenye kona. Alisema hazitaingia kwenye ndege. Labda alisema hivyo ili nisikatae. Alinionyesha mara mbili namna ya kuziendesha, nikaitikia ndiyo, ndiyo, na sikuelewa kitu.

Zikakaa chini ya kitanda mpaka siku shemeji aliposema neno lake.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mume wangu, mkulima wa miraa huko Muthara. Alikuja mwezi wa pili, akakaa, akanywa chai, akasema. Nitaandika yote kwa sababu kulikuwa na haki ndani yake. Alisema mgonjwa anakaa peke yake asubuhi nzima mimi nikiwa kibandani, na hiyo ni kweli. Alisema kwake kuna wake za wanawe, mtu hawezi kukosa wa kumpa maji. Halafu akasema mimi ni wa Mbeere na ndugu yake ni Mtigania, kwa hiyo humu ndani tunaongea Kiswahili cha kuokota njiani. Mtu aliyepoteza maneno anafaa asikie lugha ya mama yake, pengine yatarudi. Hilo la mwisho liliniuma. Niliishia darasa la saba. Mimi najua nini kuhusu njia ambayo maneno hurudi nayo? Akasema atanipa mpaka baada ya Pasaka. Kama hakuna mabadiliko, atakuja na gari amchukue.

Mume wangu alikuwa anasikia. Akasema, "Hapana."

Lakini hapana lilikuwa mojawapo ya yale maneno matatu, na alikuwa analisema hata kwa uji anaoutaka, kwa hiyo halikuhesabiwa.

Kesho yake nikatoa masanduku. Sikuwa na mpango, wallahi sikuwa nao. Nilitaka tu aone reli. Tulikuwa na mlango wa zamani nyuma ya nyumba, nikaulaza juu ya vitanda viwili vya wapangaji waliohama, ukawa meza, nikaunganisha reli vile picha ya kwenye sanduku ilivyosema. Stesheni moja huku, stesheni nyingine kule, na katikati njia moja tu. Kila stesheni ina njia mbili, ili treni moja ikae pembeni ingoje mwenzake. Nikakata katoni ya sabuni nikaandika majina. Huku nikaandika NANYUKI. Kule sikujua niandike nini, na kwa vile nilikuwa bado na hasira, nikaandika MUTHARA.

Kisanduku cheusi kina waifai yake chenyewe, hakihitaji ya mtu. Tableti ikiishika, unaona reli zako kwenye kioo zimechorwa kama mistari. Ukigusa pale mstari unapogawanyika, pointi ya mezani inajisogeza, tak. Injini nayo ina alama yake ndefu ya pembeni: ukisukuma juu kwa kidole inaenda, ukishusha inasimama. Hivyo ndivyo inavyofaa kuwa. Kwangu haikusogea hata kidogo, siku mbili nzima, na taa ya kisanduku ilikuwa inawaka vizuri tu.

Kosa lilikuwa langu. Kwetu Mbeere ukiweka panga au jembe unalipaka mafuta lisishike kutu, na mimi kabla ya kuziunganisha zile reli nilizipaka mafuta ya kupikia, moja baada ya nyingine, kwa upendo. Umeme haupiti kwenye mafuta mazito hivyo. Nilizifuta zote kwa spiriti ya dukani na kipande cha leso, na harufu ikakaa ndani ya nyumba mpaka Jumapili.

Halafu nikamwekea tableti magotini. Kidole cha mkono wa kushoto kikasukuma, na ile ya kijani ikatoka Nanyuki. Alivuta chuma miaka yake yote kwa mwili mzima, na sasa aligusa mstari tu na pointi ikasikia. Aliipeleka ikafika, akairudisha, akaipeleka tena. Uji ukapoa.

Ningeishia hapo, lakini nilitaka kusaidia. Ile programu ya tableti inakubali simu pia, watu wawili waendeshe pamoja, kila mtu na injini yake. Nikaiweka kwenye simu yangu. Yeye akatoa ya kijani Nanyuki, mimi nikatoa nyekundu Muthara, na katikati njia ni moja. Zilikutana, zikaruka, ya kijani ikaanguka sakafuni na ndoano ya behewa ikavunjika. Tukipima kwa haki, yeye alitoka kwanza bila kuniangalia, nami nilitoka bila kuangalia meza. Lakini yeye ndiye mgonjwa, kwa hiyo nachukua robo tatu ya kosa.

Aligeukia ukuta siku mbili. Siku ya tatu akanyoosha kidole cha kushoto, akachora duara hewani. Nikaleta chapati. Hapana. Nikaleta sahani. Hapana. Nikaleta kifuniko cha sufuria, akakiangalia kama mtu anayeangalia mjinga, na simlaumu. Mwishowe akanishika mkono, akavua bangili yangu ya shaba niliyopewa na mama yangu nikiolewa, akaivisha kwenye vidole vya ule mkono wake uliokufa. Kisha akaendesha treni ya kijani mpaka Muthara. Ilipofika akaitoa bangili, akanipa mimi, akaonyesha ile nyekundu.

Ndipo nikakumbuka. Alikuwa akinisimulia zamani, kabla hatujapata watoto. Kwenye njia moja, dereva haingii mpaka amepewa pete, chuma cha duara chenye kifuko cha ngozi. Pete ni moja tu. Aliye nayo ndiye mwenye njia, na mwingine anangoja hata kama amebeba nani.

Kuanzia siku hiyo hatukugongana tena. Ila vidole vyake havikuweza kushika, na bangili ikawa inaanguka. Akaweka sheria mwenyewe, bila neno: bangili ikianguka, treni inasimama pale pale. Alishusha alama, akaniangalia niokote, akaivaa, akaanza tena. Siku za kwanza treni ilisimama mara nyingi kabla ya kufika popote. Ule mpira wa mazoezi tuliopewa hospitali aliutupa chini ya kabati. Bangili hakuitupa. Mwezi wa tatu ulipoisha treni ilikuwa inafika Muthara ikisimama mara moja tu, na siku nyingine haikusimama. Sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba ni mimi tu ninayeyaona mabadiliko, jinsi mama anavyomwona mtoto wake mzuri.

Pasaka ikapita, na Jumapili shemeji akaja na gari, godoro likiwa nyuma. Aliingia, akasimama mbele ya meza, akasoma MUTHARA kwenye katoni ya sabuni.

"Shemeji," akasema, "nilikuachia ndugu yangu, umemrudisha shule ya nasari."

Ukiingia na kukuta mzee na kitreni, ungesema nini kingine? Nikamwomba aangalie kidogo, akakaa na kofia yake gotini. Akaona treni moja ikienda na kurudi. Akaanza kuinamisha shingo ili aone vizuri. Baada ya muda akauliza kama hiyo nyekundu inabeba mzigo. Akatoa miraa mfukoni, akachagua vijiti vilivyo vyembamba kabisa, akavifunga kwa uzi wa mgomba kibunda kimoja kidogo kama kiberiti, safi kabisa, vile anavyofungia soko. Akakiweka kwenye behewa pale Muthara, akaniomba simu. Miraa haingoji, alisema, ikikauka ni kuni.

Akasukuma. Hakujua, na mimi sikuwa nimemwambia, kwamba ya kijani ilikuwa njiani.

Mume wangu aligusa alama nyekundu ya kioo, ile inayokata umeme wote. Treni zote mbili zikasimama zikitazamana. Akamgeukia kaka yake.

"Hakuna pete, hakuna njia."

Alisema polepole, kila neno likitoka peke yake, kwa Kiswahili, kwa sababu kazi ile aliifanya kwa Kiswahili. Shemeji aliniangalia mimi, halafu yeye. Kisha akacheka, akasema basi leta hiyo pete, akainama akashika bangili kwenye vile vidole, akavuta.

Haikutoka. Akavuta tena. Niliona vidole vikijikunja, vyeupe kwenye viungo.

"Ananishika," shemeji akasema, sauti ikiwa ya chini. "Mkono huu si ndio uliokufa?"

"Ngoja," mume wangu akamwambia.

Shemeji akangoja. Mume wangu alirudisha umeme, shemeji akairudisha ya kwake pembeni kama alivyoonyeshwa kwa kidole, ya kijani ikapita, ikafika Muthara ikasimama mbele ya katoni. Hapo ndipo mume wangu alipovifungua vidole, kimoja kimoja, akisaidia na mkono wa kushoto, akampa kaka yake bangili. Miraa ikaondoka kwenda Nanyuki.

Gari lilirudi na godoro tupu. Shemeji hakusema alikosea, na sikuhitaji aseme, maana hakukosea yote. Siku za Jumatano sasa anakuja asubuhi nikiwa kibandani, anaongea na ndugu yake Kitigania mpaka nirudi, na maneno mawili ya lugha hiyo yameshatoka. Hilo ni lake, nampa. Nesi niliyemuuliza hospitali alisema vidole kushika inaweza kuwa nguvu imerudi au misuli kushtuka tu, tuendelee. Tunaendelea.

Huko Muthara shemeji anasimulia kila mtu kwamba alishindwa nguvu na mkono wa mgonjwa. Anasema alivuta kwa nguvu zake zote, amekanyaga mguu wa meza. Si kweli. Nilikuwepo. Alivuta kama mtu anayevua pete ya mtoto, na meza hakuigusa. Mimi napenda jambo liandikwe lilivyokuwa, na nimeliandika hapa. Lakini kule nje simsahihishi.