Chungu cha Dina

Siku ya kumaliza matanga ya mkewe, Yesaya alitoa nje chungu cha Dina. Ndicho mkewe alichopikia maharage tangu waoane, hapo hapo Igamba. Katika ukoo wao, chungu cha marehemu hutobolewa kitako kikawekwa kaburini, asije mwingine akakipikia.

Mchungaji Boazi alifika toka Tunduma, suti na simu kubwa. Akakiona.

"Baba, hicho kirudi ndani. Ni upagani. Kikienda kaburini, neno sisomi."

Yesaya akakikwapa chungu. Kusoma hajui, neno lote alilonalo alisomewa na Dina jikoni. Dina alitaka asomewe kaburini. Na chungu alikitaka, alikitaja mwenyewe akiwa kitandani.

Walipofika kaburini, pembeni ya mibuni, Boazi akaanza na picha za simu kabla ya neno. Yeriko, eti. Wazungu wamefukua ukuta ulioanguka, kama ilivyoandikwa.

"Nani tena atasema ni hadithi?"

Ferdinand, mpwa wa Yesaya anayesoma chuo, akacheka puani. "Mchungaji, wafukuaji wengi wanasema mji ule uliungua zamani sana kabla ya Yoshua. Alikuta magofu."

"We mtoto, ulikuwepo?"

"Wewe je, ulikuwepo?"

Wakapandishiana, udongo wa Dina bado mbichi. Huyu anautaka ukuta, yule hautaki, na wote wameshiba ugali wa msiba. Yesaya aliwatazama kama majogoo wanaogombea jaa la jirani.

Akaweka kidole kwenye simu. "Na hivi?"

"Vyungu, baba! Vimetoka makaburini, huko huko Yeriko. Walizikwa navyo. Ushahidi huo!"

"Cha Dina upagani."

"Baba, vile ni vya kale..."

"Kumbe upagani ukikaa sana chini, unaokoka."

Wanawake waliangua kicheko, msibani. Boazi akafunga Biblia yake, akaita bodaboda, akaondoka hata maji hakunywa.

"Umemweza, mjomba!" Ferdinand akapiga makofi.

"Nyamaza nawe. Mama aliyekulea kalala hapa, wewe unampimia kuta." Akamtupia Biblia ya Dina, iliyochakaa, ina harufu ya moshi. "Soma."

"Wapi?"

"Alipopigia mstari."

Ferdinand akasoma, akasoma tena. Hakusema kama neno hilo limefukuliwa au halijafukuliwa.

Yesaya akapiga magoti na msumari na jiwe. Akagonga polepole. Kitako kikatoboka, chungu kisipasuke. Akakiweka upande wa kichwa cha Dina, akakishindilia udongo.

"Haya," akasema. "Kapumzike."