Mume wangu anakata mikorosho, na ugonjwa huenda uko kifuani mwangu

Admin, naomba ufiche jina langu. Majina ya humu nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka sitini na minane, mwalimu mstaafu, naishi Newala na mume wangu, Baba Zuhura. Mtanivumilia nikieleza sana, ualimu hauishi. Naandika kidogo kidogo kwa sababu vidole vinakufa ganzi.

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, watu binafsi wakaruhusiwa kununua korosho, mume wangu alikuwa akisafiri na mzigo hadi India. Mimi nikapata uvimbe kwenye ziwa la kushoto. Alinipeleka hukohuko, ziwa likaondolewa. Daktari akasema panaweza kuwekwa silikoni, yaani mfuko laini wenye kitu kizito kama uji wa muhogo uliopoa. Nilitaka kurudi hivyohivyo. Baba Zuhura akasema, "Mama Zuhura, siku ya unyago wa binti yako wenzako watatazama kifua chako badala ya kumtazama mwali." Nikakubali. Nyumbani tulisema umetolewa uvimbe tu. Hata Zuhura hajui.

Miaka ikapita salama. Kisha vidole vikawa havikunjiki asubuhi, miguu inawaka kama nimekanyaga pilipili, macho makavu, jina la jirani nalitafuta silipati. Kila mtu akasema ni salfa, ule unga wa dawa unaopulizwa kwenye mikorosho, maana msimu wake watu hukohoa kweli. Tukaamini. Kila msimu nikawa napelekwa Lulindi kwa dada yangu, ambaye nyumba yake haiko karibu na mikorosho, narudi vilevile. Mwaka jana Baba Zuhura akakata mikorosho yote ya karibu na nyumba, iliyopandwa na marehemu baba yake. Dada akamtania, "Shemeji, mwaka huu utauza nini, majani?" Akajibu, "Kwani korosho inanipikia?"

Mwezi uliopita daktari aliniuliza, "Mama, umewahi kuwekewa kitu chochote mwilini?" Zuhura alikuwa amekaa pembeni yangu, maana huku mgonjwa haendi hospitali peke yake. Nikasema hapana. Tulipotoka nikasingizia nimesahau miwani, nikarudi nikamweleza.

Akanifafanulia kwamba kinga ya mwili wakati mwingine hukosea, ikaushambulia mwili wenyewe, na wapo wanawake wenye silikoni walioumwa hivi. Wengine wanaishi nayo bila shida, kwa hiyo hawezi kuapa. Vipimo kwanza. Inaweza kutolewa, ila kwa umri wangu upasuaji una hatari yake, na huenda nisipate nafuu. "Ukija tena, njoo na mzee," akasema. "Jambo hili ni la kuamua wawili."

Mzee huyo ndiye aliyenishawishi, na ana presha. Jana alikuwa akinifunga vifungo vya blauzi, maana mimi siwezi tena, akaniambia Jumamosi anakuja mtu wa msumeno kumaliza mikorosho iliyobaki. "Tutalima muhogo, utapona." Mikono yake ilikuwa hapohapo kifuani.

Nikisema, atajiona yeye ndiye aliyeniumiza, na miti ya baba yake ilianguka bure. Nikinyamaza, hii nayo inaanguka, na mimi naendelea kuumwa. Na hata hicho nitakachomwambia sina hakika nacho.

Sasa hivi yuko nje, anafyeka njia ya kumpitisha yule mtu. Wanangu, na ninyi wa rika langu, nishaurini: nimwambie, na kama ni kumwambia, nianzie wapi?