Idhini ya Shamimu

Adinani wa mtaa wa Cheyo, fundi wa vipaza sauti, alikuwa na mdomo. Usiombe akukute na kipaza kibovu. Atakusimanga mpaka ujute kukinunua. Siku ya ndoa ya Shamimu alifika na kompyuta yake akitamba: "Mwangwi nimeuzima, kelele nimezipunguza mpaka mwisho. Mzee atasikia maneno tu, basi!" Akajaribu kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kutangazia mpira. Mzee Nassibu, baba wa bibi harusi, akajibu kwa simu kutoka kitandani alikolazwa hospitali Dar es Salaam kwamba anasikia vizuri.

Kabla ya kumwachia mdogo wake aozeshe, mzee alitaka kusikia idhini ya bintiye kwa masikio yake. Nje dufu zinalia. Ndani, Shamimu amejifunika kanga, akaulizwa kama ameridhia. Haya, wewe umemsikia wapi bibi harusi wa mjini kwetu akipaza sauti siku hiyo? Akajibu polepole, kama alivyofundwa.

"Mbona kimya?" mzee akauliza.

Akajibu tena. Kimya. Zuwena, shangazi yake, akamfinya mkono. "Sema! Unatutia aibu."

"Nimesema, shangazi. Wallahi nimesema."

Adinani akatazama kompyuta. Sauti ya binti, kwa upole wake, ilikuwa inahesabiwa kelele na kufutwa pamoja na dufu. Akajua palepale. Angesema tu "kosa langu," yangeisha. Lakini mlangoni walijaa wale wale aliowatambia asubuhi, na aibu ikamshinda. Shangazi akafinya tena. Adinani akarudisha chini kipimo cha kuzima kelele, kimyakimya, Mungu amsamehe.

Safari hii mzee akasikia. Alichosikia ni mwanawe akilia: "Nimeridhia, baba."

"Mnamlazimisha mwanangu! Hakuna ndoa." Akakata simu.

Dufu zikanyamaza. Shamimu akaanguka kifudifudi mkekani, wanawake wakaanza kunong'ona. Hapo ndipo Adinani alipofungua mdomo, akakiri mbele ya wote. Akampigia mzee mwenyewe, akamweleza mara mbili, akatukanwa mara mbili, na ndoa ikafungwa alasiri.

Alipokuwa anakunja nyaya, Shamimu akamwita.

"Kaka Adinani, ulijua lini?"

Angeweza kudanganya. "Ulipojibu mara ya pili," akasema, macho chini.

Shamimu akakunjua mkono. Juu ya hina mpya kulikuwa na alama za kucha, za zamu mbili. Akamwonyesha zile za mwisho.

"Basi hizi ni zako," akasema.