Siku Niliyoikataa Asante

Jamani, aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu mkiipata kwa mama yangu itakuja imetiwa chumvi, na haihitaji chumvi hata punje.

Mwaka jana Suleiman, mtoto wa kaka yangu, aliyesoma Ujerumani, alitaka kuoa binti wa Kikurdi aliyekulia huko huko, na wazee wa binti wakafunga safari mpaka kwetu Ibra, huku Uarabuni, kutuona kabla ya kutoa jawabu. Binti mwenyewe alibaki na mitihani yake. Basi wanaume wakaingia majlisi, sisi wanawake tukakaa ndani na mama wa binti, Bi Gule, na Suleiman akasimama mlangoni akaniuliza, "Shangazi, nibaki nikufasirieni?" Hapo ndipo nilipoharibu. Nikamwambia, "Nenda kakae na wanaume, Kijerumani nakimudu." (Nakimudu! Miezi mitatu ya masomo ya simu, nikijifunza huku nakaanga vitumbua, lakini neno Spaß nililijua barabara, shpas, maana yake furaha, au mzaha, kwa sababu simu ilinitakia hiyo Spaß kila asubuhi kabla ya somo.)

Mama yangu, mtu wa Unguja asiyekubali kuzidiwa ukarimu, akammiminia mgeni kahawa. Bi Gule akapokea, akasema, "Spas." Moyo ukaniruka, neno nalijua! Hakulitamka kama simu, lakini nikajiambia hiyo lahaja tu, kama sisi na Wapemba. "Asema amefurahi," nikafasiri. Ikaja haluwa, "Spas." "Amefurahi tena." Mama akamwonyesha namna ya kutikisa kikombe mtu akitosheka, mgeni akatikisa, tukacheka sote, na mimi nikajiona balozi.

Kisha Mama akatengeneza mtandio wake, akasema, "Mwambie mjukuu wangu ana dini na ana adabu, na binti yao twamtaka kwa moyo safi, tutamtunza kama wetu." Nikaipeleka kwa Kijerumani changu, yaani kijana mzuri, binti mzuri, tafadhali, basi. Bi Gule akaweka mkono kifuani, machozi yakamlenga, akasema, "Spas. Spas."

"Kasemaje?" Mama akauliza.

Mtu mwenye akili zake hapo angesema sijui. Lakini mimi niliona furaha na machozi havikai pamoja, nikaichukua ile maana ya pili, nikasema kwa sauti ndogo, "Asema... ni mzaha."

Mama akaweka birika chini. "Mzaha? Wametoka huko kote kuja kutufanyia mzaha na mtoto wetu? Mwambie hapa hapana mzaha!"

Nami, binti mtiifu wa miaka hamsini na mbili, nikamgeukia mgeni nikakaza sauti, "Kein Spaß! Kein Spaß!" Hapana mzaha, hapana mzaha. Bi Gule akanitazama, uso ukamwiva. Akaisukuma sahani ya haluwa taratibu, akachukua mkoba wake, akatoka kutafuta viatu huku akimwita mumewe.

Suleiman akaja mbio. Wakasemezana na Bi Gule pale barazani, kisha kijana akanigeukia. "Shangazi, spas kwa Kikurdi ni asante. Kijerumani chake ni cha kuokoteza, yeye anashukuru, wewe wamwambia kein, yaani hapana asante. Amefahamu tumemkataa binti yake."

Wallahi nililia. Mtoto yule nimemlea mimi, na posa yake nimeivunja kwa neno moja kwa sababu ya kujionyesha.

Mama alitoka vile vile miguu mitupu, akamshika Bi Gule mkono, akasema, "Suleiman, mwambie mjinga ni huyu mwanangu, mimi simo." Lilipofasiriwa, Bi Gule akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi na kiatu kimoja mguuni.

Tuliporudi ndani Suleiman akanionea huruma. Akasema Kijerumani na Kikurdi ni ndugu wa mbali, jina huku Name kule nav, kipya huku neu kule nû, nyota huku Stern kule stêrk. "Lakini hizi zako mbili hazina hata ujamaa, Shangazi, zimefanana sura tu." Ikaletwa chai, Bi Gule naye akainyooshea kidole, akasema, "Chay." Sukari, "Shekir." Mama macho yakamtoka. "Dunia?" akajaribu. "Dinya!" "Subira?" "Sebir!" Khalas, wale wawili wakazungumza mpaka Alasiri bila mkalimani, na mimi nikapewa kazi ya kumimina kahawa, kimya.

Jawabu lilikuwa ndiyo, alhamdulillahi. Wakati wa kuaga Bi Gule alinishika mikono yote miwili, akaniambia neno alilofundishwa na Mama, "Asante." Nikaona nimrudishie kwa Kikurdi, nifute aibu yangu, nikavuta pumzi, na ulimi uliofundwa na simu ukatoa, "Shpas!"

Masomo yale nimeyafuta usiku ule ule, na mgeni nisiyejua lugha yake sasa namtikisia kikombe tu. Lakini mpaka leo, nyumbani nikipewa kitu nikasema asante, Mama huniuliza, "Ya kweli hiyo, au mzaha?"