Asmini za Mama yake Rukia

Ile siku Bi Zuhura alipopiga hodi kwetu Garsen bado naikumbuka, mwanangu, maana nilijibanza nyuma ya kitanda. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa msichana wa kukaribia kuolewa. Siku chache nyuma, mimi na Rukia, binti yake wa pekee, tulishuka mtoni kuteka maji. Mvua zilikuwa zimenyesha bara, mto umejaa tope, huoni kilicho chini. Mamba akamchukua Rukia. Mimi nikabaki ukingoni na mtungi wangu.

Tangu hapo sikuweza kushika hata kikombe. Mikono ilinitetemeka, na maji ya kunawa tu yalinifanya nipige kelele. Mama alininywesha kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, akanifukiza ubani, wapi! Na hofu iliyozidi zote ilikuwa ya Bi Zuhura. Nilijua ataniuliza.

"Yuwapi aliyekuwa na mwanangu?" nikamsikia akimwambia mama.

Akaingia na ungo wa vikonyo vya asmini, maua ambayo bado hayajafumbuka, na majani ya mrehani yanayonukia. Alikuwa mtu wa Kipini, kule pwani, na harusi ikitokea, yeye ndiye aliyetunga vikuba, vile vishada vya maua wanavyobandika wanawake kifuani. Akaketi mkekani.

"Njoo, mwanangu. Yakifumbuka hayatungiki. Rukia ndiye aliyekuwa akinisaidia."

Nilijichoma sindano vidole vyote. Hakunihimiza. Baadaye akauliza, "Hapo ungetia nini?" Nikatia jani la mrehani katikati, nikalizungushia asmini. Akakigeuzageuza kile kikuba. "Rukia hakutunga hivi. Lakini kimependeza."

Ndipo nikaona mikono yangu imetulia.

Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Aliita?"

"Alikuita wewe, mama."

Machozi yakamdondokea juu ya maua, naye akaendelea kutunga, nami nikaendelea, mpaka ungo ukabaki mtupu.

Mto ule nauogopa hadi leo, sikudanganyi. Lakini usiku ule nililala. Mwanangu, hofu ikikupata usijifungie nayo chumbani. Ipe mikono yako kitu kizuri cha kutengeneza, uketi na mtu anayeumia kama wewe, na lile unaloogopa kuulizwa, lijibu. Mungu akuhifadhi majini na nchi kavu, na asikuache ukalia peke yako.