Wiki Mbili Bila Sauti

Nilijifunza kinanda kanisani Gitothua nikiwa darasa la sita, kwa sababu mpigaji alihamia Eldoret na hakukuwa na mwingine aliyejua hata kukiwasha. Nilipofika miaka thelathini na kitu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: kutunga nyimbo, kuziimba na kujipigia piano mwenyewe. Wimbo mmoja, niliomtungia dada yangu alipoolewa, ulisikika karibu kila harusi kuanzia Ruiru hadi Murang'a. Wasioujua uso wangu waliijua sauti yangu.

Sauti hiyo ilinikatikia Thika, Jumamosi mchana, mbele ya maharusi. Nilifika kwenye kiitikio, nikafungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Vidole viliendelea vyenyewe. Wageni walidhani nimezidiwa na machozi, wakaniimbia hadi mwisho na kunipigia makofi. Kumbe miezi mitatu nilikuwa nakunywa tangawizi na asali, nikijidanganya kwamba ni homa.

Daktari wa koo alinionyesha kwenye skrini kinundu kidogo kilichoota kwenye nyuzi za sauti.

"Tutakitoa, kisha tukipeleke maabara," alisema. "Halafu wiki mbili usiseme neno. Hata kunong'ona, hapana."

"Maabara ya nini?" nilimuuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Tuhakikishe si saratani."

Baada ya upasuaji mama alikuja kutoka Ngoliba kunitunza, amebeba mfuko wa ndengu na blanketi lake. Hakuwa amewahi kulala kwangu tangu nilipoacha chuo cha ualimu ili niimbe. Siku ile aliniambia muziki si kazi, nami nikamjibu vibaya.

Nilinunua daftari la kuandikia ninachotaka kusema. Lakini miwani ya mama ilibaki Ngoliba.

"Maitu, sioni hata mstari," alisema. Huniita hivyo, yaani "mama yangu" kwa Kikuyu, kwa kuwa nimepewa jina la mamake.

Basi tukakubaliana: nikibonyeza sauti nzito ya piano ni ndiyo, nyembamba ni hapana.

"Umekula?" Ndiyo. "Inauma?" Hapana.

Siku ya nne alivuta kiti, akakaa kando yangu. "Unaogopa?"

Nilibonyeza ile nzito, nikashindwa kutoa kidole.

"Hata mimi," alisema. "Ule wimbo wa dadako huwa wanaucheza duka la dawa za ng'ombe, kule kwetu. Mimi husimama nje mpaka uishe. Sikukwambia tu."

Kama ningekuwa na sauti, ningemkumbusha ya chuo. Kwa kuwa sikuwa nayo, niliegemea bega lake.

Majibu yalikuja kwa simu asubuhi ya Jumanne. Nilimkabidhi mama simu.

"Mimi ni mamake. Niambie mimi," alisema. Akasikiliza. "Rudia tena, daktari... Tena." Kisha akakaa chini sakafuni jikoni, leso yake kiunoni, akaanza kucheka. "Si saratani! Ngai, Mungu wangu, si saratani! Ni kile tu huwatokea waimbaji!"

Nililia bila kutoa sauti, maana hata kulia nilikuwa nimekatazwa. Usiku huo nililala kwa mara ya kwanza bila kuamka.

Wiki mbili zilipoisha nilijaribu neno moja tu: "Mami."

"Haiya! Umekuwa na sauti ya mjomba wako!" alisema, tukacheka sote wawili.

Sauti haikurudi juu ilikokuwa. Nilishusha nyimbo zangu zote, moja baada ya nyingine, ziendane na sauti mpya, na kuna mbili nilizoziacha kabisa. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji nikaitwa kwenye sherehe ya mahafali Ruiru. Niliimba saa nzima, nikingoja sauti ikatike, na haikukatika. Nikashuka, nikanywa maji, nikaenda kupanga foleni ya pilau na wageni wengine.